Kujiandaa kwa Wikiendi ya Order of the Arrow

Leo tunazungumza na wazazi wenye vijana wa skauti nchini Marekani kuhusu Order of the Arrow, chama cha heshima kilichoanzishwa mwaka 1915 katika kambi ya Treasure Island, Mto Delaware.

Huku mtu haombi nafasi. Kijana hufikia kwanza daraja la First Class, hulala kambini usiku 15 ndani ya miaka miwili, kiongozi wake humridhia, kisha maskauti wenzake humpigia kura.

Wikiendi ya kuingizwa ina majaribio manne: kulala peke yake nje, kula kidogo, kufanya kazi za kambi na kukaa kimya. Si adhabu, ni nafasi ya kujitafakari na kuwatumikia wengine.

Mfungashie begi la kulalia, turubai, koti la mvua, viatu imara, glavu za kazi na chupa ya maji. Akiwa na kisukari au anatumia dawa, waarifu viongozi mapema. Uliza lolote linalokutatiza. Mzazi hafichwi kitu.

Jazeni fomu ya afya pamoja wiki hii, na umwambie mwanao kwamba imani ya wenzake ni heshima kubwa.