Mgeni Shambani: Somo Kutoka kwa Wenye Chai



Ndugu wana-Buseresere, niliombwa nizungumzie utalii wa mashambani, ule wa wenye chai. Tuseme ukweli mapema: kwetu si pa chai. Chai inataka milima, ubaridi na mvua nyingi, kama Rungwe, Mufindi na Lushoto. Tunachoweza kuchukua kwao ni ufundi wa kupokea mgeni.

Kule Limuru, Kenya, kuna shamba la Kiambethu, lililoanza mwaka 1910. Mgeni anaweka nafasi mapema, anasimuliwa jinsi majani mawili na chipukizi yanavyogeuka chai, anatembezwa msituni, anakula chakula cha mchana. Hakuna simba wala twiga. Analipia maelezo na mlo. Hapa kwetu Tanzania, Materuni, Kilimanjaro, wageni wanakoboa kahawa, wanaikaanga, wanaitwanga kinuni huku wakiimba, kisha wanaionja. Ukiuza kahawa ile kwa gunia, hakuna anayekulipa kwa wimbo!

Sasa tujitazame. Tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, gari halisubiri tena kivuko. Wanaotoka Mwanza kwenda kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, au Burigi-Chato iliyotangazwa 2019, baadhi yao wanapita hapa barabarani. Wananunua maji ya chupa, wanaondoka.

Mama zetu wanamenya viazi, wanavikata, wanavianika juu ya mwamba vikawa michembe. Wakivichemsha kwanza ndipo wakate na kuanika, ni matobolwa. Mihogo inavundikwa ikawa udaga. Sisi tuliokua tukifukuza kuku kwenye mwamba ule hatuoni ajabu yoyote. Mgeni akikaa asubuhi moja, akate, aanike, kisha ale michembe iliyopikwa na karanga, atakuwa na la kusimulia kwao.

Hofu yangu ni moja. Mwenye gari akipanga bei peke yake, mama atabaki kupigwa picha na kupewa shukrani. Kwa hiyo malipo ya shambani yapangwe na wenye shamba, yaandikwe, na walipwe siku hiyohiyo. Vijana wetu wako maduarani kwa sababu dhahabu inalipa papo hapo, hata kama ni leo ndiyo na kesho hapana. Kijana anayejua Kiswahili, Kisukuma na Kiingereza kidogo hatarudi kuongoza wageni kwa ahadi.

Hatuombi fedha za hoteli. Tunaanza na kaya chache zilizo tayari: choo safi, maji ya kunawa, kibanda cha kivuli, kibao barabarani, na mafunzo kwa vijana watakaoongoza. Mama asiyetaka wageni uani kwake asilazimishwe.

Kadi za ahadi zipo mezani kwa mweka hazina. Anayependa kuchangia mabati au saruji badala ya fedha aandike hivyo, tutafuata wenyewe.