Mbele ya kulipa minerval, tuwatayarishe watoto

Maneno yaliyosemwa na mmoja wa kamati ya masomo katika mkutano mkuu wa wamemba, Goma



Nasema juu ya watoto wetu wa mwaka wa sita. Najua sasa wanaita wa nne, lakini mimi nimezoea sita, na wengi wenu vilevile. Kila mwaka tunafanya kitu kimoja: mtoto akipata diplome, tunakusanya pesa, tunamlipia minerval, tunapiga picha. Kisha tunamwacha. Mwaka jana wawili tuliowalipia walianguka katika mwaka wa kwanza wa iniversite, na mmoja hakurudi tena. Nilienda kumuona kwao Ndosho. Akaniambia: «Papa, profesa anasoma Kifaransa mbio. Nikifika katikati, yeye ameshageuza ukurasa.»

Yule si mjinga. Exetat alipita. Lakini tuiangalie vizuri hiyo Exetat tuliyo nayo tangu 1967. Ukiondoa disertasyo na Kifaransa cha mdomo, zile siku nne za mwisho mtoto anachagua jibu kati ya majibu yaliyokwisha andikwa. Pale UNIGOM au ULPGL hakuna wa kukuandikia jibu. Unapewa swali na karatasi nyeupe.

Na watoto wetu ni watu wa kurudi. Mmoja alianza Masisi, vita ikamtoa, akakaa Bulengo bila masomo, akarudi na kukuta shule haina madirisha. Mwingine alisoma Uganda, miaka minne halafu miwili, ameleta sertifika nzuri kabisa. Hapa anaambiwa kwanza atafute ekivalansi, na Kifaransa hajui hata cha kuandika barua. Waliotoka Nyarugusu, kule Tanzania, wao walifuata programu ya Congo. Shida yao kubwa si lugha, ni karatasi. Iniversite inadai buletini za mwaka wa tano na wa sita. Mtu aliyekimbia usiku hakubeba buletini, alibeba mdogo wake.

Ndiyo maana kamati inaomba jambo ambalo wengine hawatalipenda. Tupunguze hesabu ya watoto tunaowalipia minerval, na pesa itakayobaki ilipe mwalimu wa Kifaransa, mwalimu wa hesabu na fotokopi, kila Jumamosi, kuanzia mwaka wa tano. Zile wiki mbili za mbio mbele ya mtihani ni kukariri tu. Sisi tunataka mtoto akae, asikilize mtu akisoma nusu saa, aandike, kisha afunge daftari na aeleze alichosikia kwa kalamu yake mwenyewe. Wa Uganda watakuwa na kikundi chao. Na mwanzo wa mwaka kila mmoja alete karatasi alizo nazo, tuone kinachokosekana, twende kumuona prefe wa shule yake ya zamani mapema. Barabara ya Masisi mnaijua: leo inapitika, kesho hapana.

Kwenu ninyi marafiki wa mbali: najua borderau ya minerval ni rahisi kuonyesha. Ina jina, ina muhuri. Jumamosi haina muhuri. Tutawatumia orodha ya wanaohudhuria na picha za madaftari yao, ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa sita, mlinganishe wenyewe. Tena, tangu benki zifungwe hapa Goma mwaka 2025, pesa zinapita kwa simu na zinakatwa njiani, kwa hiyo heri mtume mara chache kuliko kidogo kidogo.

Papa mmoja aliniuliza: na yule mwenye diplome tayari mkononi, mnamwambia nini? Sina jibu zuri. Kuna binti anauza makala pale Kituku, diplome yake iko kwenye sanduku tangu mwaka jana. Mpango huu ukipita, jina lake litashuka chini kwenye orodha. Nilienda kumwambia mimi mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kuja Jumamosi kufundisha wadogo hesabu. Nikamwambia aje.

Kura inapigwa leo, kabla ya chakula. Wazazi wanaotaka kuandikisha watoto, daftari iko kwa sekretere.