KUSHUKA MOYO SI UVIVU
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Mfanyakazi mwenzetu akivunjika mguu, sote twakimbia. Mmoja humshika bega, mwingine hutafuta gari, na jioni twamchangia. Lakini akivunjika moyo twamwambia, "Jikaze, wewe ni mwanamume." Leo twataka kusema juu ya ugonjwa huo, ambao madaktari huuita sonona.

Huzuni humpata kila mtu: ya msiba, ya deni, ya kukosa karo. Huja ikapita. Sonona hukaa majuma mawili na zaidi, karibu kila siku. Mgonjwa hukosa usingizi, ama hulala kupita kiasi, chakula humshinda, mwili huchoka kabla ya kazi kuanza, naye hujiona hana faida kwa mtu yeyote. Wengine hulalamika kichwa na mgongo tu. Wengine hukimbilia pombe, nasi twaona pombe, ugonjwa hatuuoni.

Tumemwona mwenzetu wa namna hiyo. Miaka mingi alikuwa wa kwanza kufika langoni, halafu akaanza kuchelewa. Nyapara akamwandikia barua ya onyo, sisi tukamwita mvivu, majirani wakasema amerogwa. Hakuna aliyemwuliza anaumwa nini, mpaka barua ya tatu ikamtoa kazini.

Tena kuna hofu ya jina la Mathari. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1910, na watu wamelifanya jina lake tusi. Kwa kuogopa tusi, mgonjwa hujificha. Hata sheria ilimtisha: kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Mtu huyo ahitaji daktari, si askari.

Basi tufanyeje? Kwanza, tumsikilize bila kumhubiria. Pili, tukihofia maisha yake, tumwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kusema. Wala tusimwache peke yake. Tatu, tumsindikize hospitali. Ugonjwa huu hutibika kwa mazungumzo na kwa dawa. Dawa huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu, kwa hiyo tumhimize asiziache mapema.

Nne, tujue haki yetu. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 30, humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, kisha siku 7 kwa nusu mshahara, kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Kifungu hakisemi ugonjwa uwe wa mwili tu.

Kwa hiyo twaomba kila mwakilishi wa chama: mwanachama akipata barua ya kwanza ya onyo, nenda kwake, keti naye, uliza habari ya afya yake. Barua ya tatu ikifika, tumechelewa.