Kuchomelea Chuma Ukubwani

Mzee wangu, umestaafu na umenunua mashine ndogo ya kuchomelea ili utengeneze geti lako mwenyewe. Hujachelewa. Leo tuzungumze zaidi kuhusu macho yako.

Baada ya miaka 40 hivi, jicho hupunguza uwezo wa kuona vitu vya karibu. Wanaojifunza ukubwani hudhani mkono ndio unaotetemeka, kumbe hawauoni vizuri mstari wanaouchomelea. Vaa miwani yako ya kusomea ndani ya kinyago, au weka lenzi ya kukuzia nyuma ya kioo cheusi. Kioo hicho kiwe cha kiwango cha giza namba 10 au 11. Miwani ya jua, ambayo bado naiona vibandani, haitoshi kabisa. Ukiivaa hiyo, usiku macho yatakuuma kama yamejaa mchanga.

Anza na kijiti cha kuchomelea cha milimita 2.5, mkondo wa ampea kati ya 60 na 90, kwenye chuma chakavu chenye unene wa milimita 3 au 4. Chora mistari tu, siku nyingi, kabla ya kuunganisha chochote. Tumia mikono miwili, egemeza kiwiko mezani.

Bomba lililopakwa zinki liache kwanza. Moshi wake huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye, na maziwa tunayoshauriana kunywa si kinga. Fanyia kazi nje, mbali na magodoro na mtungi wa gesi. Na kama umewekewa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, nakusihi, muulize daktari kabla ya kuwasha mashine.