Namba Zisizosomeka



Msimu uliopita wa pamba, hapa Bariadi, nilisimama nyuma ya mzee mmoja mbele ya mizani. Uzito ulionyeshwa kwa tarakimu ndogo za kijani, na jua la saa saba lilikuwa likimulika kioo. Mzee aliinama, akafumba jicho moja, kisha akamgeukia karani: “Mwanangu, imesema ngapi?” Karani akataja namba. Mzee akaitikia, akapokea stakabadhi asiyoweza kuisoma. Sisemi kwamba aliibiwa. Lakini mtu aliyelima miezi mingi alilazimika kulipokea jasho lake kwa kinywa cha mwingine.

Ndugu zangu, jicho huzeeka bila kosa la mwenye jicho. Yapata umri wa miaka 40 lenzi huanza kukakamaa, na maandishi ya karibu hufifia. Baadaye lenzi hugeuka ya manjano, hata buluu na kijani vikakaribia kufanana. Mboni nayo husinyaa, kiasi kwamba mtu wa miaka 60 hupata ndani ya jicho takriban theluthi moja tu ya mwanga aupatao kijana wa miaka 20. Miwani hukaribisha herufi, mwanga haiongezi. Na jua likiwa kali mno, nuru hutawanyika ndani ya lenzi iliyoingia ukungu, ikamzidishia mzee taabu.

Isaka alipozeeka uoni wake ulififia, na mwanawe wa kumzaa akautumia ule udhaifu kumdanganya. Nabii Habakuki, kwa upande wake, aliagizwa auandike ujumbe juu ya vibao kwa namna ambayo hata apitaye mbio angeweza kuusoma. Hakuagizwa awafundishe watu kukaza macho.

Sisi wa Usukuma tunalo deni la pekee hapa. Bibi zetu waliopikia moshi wa kuni na samadi miaka mingi wakawa na macho mekundu, na kwa macho hayo wengine waliitwa wachawi wakauawa. Tuliyasoma vibaya macho yao kabla wao hawajashindwa kusoma mabango yetu.

Tarakimu nene nyeusi juu ya ubao mweupe, kibanda cha kivuli juu ya mizani, karani atakaye kusoma kwa sauti pasipo kuombwa: hayo hayahitaji mfadhili.

Niliporudi nilikwenda kuutazama ubao wa nyimbo kanisani kwetu. Chaki ya buluu juu ya rangi ya kijani, na kando yake dirisha linaloingiza jua la asubuhi. Nimeuandika kwa mkono wangu miaka mingi. Seremala ameanza kuchonga mwingine.