Nilifuta Picha Tatu

(Haya ni maneno niliyosema kwenye mkutano wa vijana wetu wa vyuoni. Wengi mliomba maandishi, basi haya hapa.)

 Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasoma mahusiano ya kimataifa. Nimeombwa niwaeleze safari ya mtu anayetaka kuwa mwanadiplomasia. Naanza kwa kukiri kosa.

Mwaka jana nilikuwa natafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Kwenye ofisi moja, sitaitaja, aliyepokea barua yangu akaniambia kwa upole kabisa: "Binti, unataka kazi za mambo ya nje, halafu mtandaoni umevaa gwanda? Fikiria vizuri." Usiku ule nikashika simu, nikafuta picha tatu. Moja ya mkutano wa hadhara, moja ya kampeni, na moja niliyopiga na mama nyumbani Tukuyu siku niliyopata kadi. Hiyo ya tatu iliniuma. Na nafasi yenyewe sikupata.

Sasa swali ambalo wengi mmenitumia ni hili: kijana wa upinzani anaweza kuiwakilisha nchi?

Jibu la kwanza alinipa mama bila kujua. Machi 2025 Malawi ilizuia mazao kadhaa kuingia kwake, yakiwemo mahindi, mchele na ndizi. Afrika Kusini nayo ilikuwa haipokei ndizi zetu. Aprili serikali yetu ikajibu, ikazuia mazao ya nchi zote mbili. Siku chache baadaye zuio letu likaondolewa ili watu wakae mezani. Sisi wa Rungwe ndizi ndiyo ada ya shule, kwa hiyo mama akapiga simu: "Mwanangu, si wewe unayesoma mambo ya mabalozi? Haya, hizi ndizi mnazifanyaje?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mama hakuuliza balozi ana kadi ya chama gani. Aliuliza kama anajua kazi.

Jibu la pili nililipata kwenye historia. Dkt. Salim Ahmed Salim alipelekwa Misri kuwa balozi mwaka 1964, akiwa na miaka 22. Kabla ya Mapinduzi hakuwa ASP, alikuwa kiongozi katika Umma Party. Kijana huyo baadaye aliiwakilisha Tanzania Umoja wa Mataifa, akawa miongoni mwa waliopigania China irudishiwe kiti chake mwaka 1971, kisha akaongoza OAU kama Katibu Mkuu tangu 1989 hadi 2001. Lakini tusidanganyane. Mwaka 2005 alipoomba kuteuliwa na CCM kugombea urais, siasa zake za ujana zilifukuliwa. Yaani hata yeye! Kwa hiyo anayekwambia historia yako haitakufuata anakudanganya. Na anayekwambia huwezi kuitumikia nchi kwa sababu ya historia hiyo, naye anakudanganya.

Jibu la tatu linatuhusu sisi kama chama. Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha hapo hapo, iliamua katika kesi ya Mchungaji Mtikila kwamba kuzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki. Novemba 2019 serikali ikaondoa tamko lililowaruhusu wananchi na asasi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Karatasi moja ya kidiplomasia, mlango ukafungwa. Wangapi kati yetu walikuwa wanajua karatasi hiyo ipo? Tunapiga kelele barabarani, sawa, lakini mambo mengine yanamalizwa kimya kimya kwenye meza ambazo hatuna mtu wa kuzisoma. Chama kinachotaka kushika dola bila watu wanaojua mikataba kitashika dola kikiwa kipofu.

Basi njia ni ipi? Nisemee ninayoijua.

Kwanza, tofautisha balozi na afisa mambo ya nje. Balozi anateuliwa na Rais. Afisa anaomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira, anafanya usaili kama wengine. Usisubiri uteuzi, jiandae kwa usaili.

Pili, lugha. Kiingereza peke yake hakitoshi. Burundi na Kongo wanatumia Kifaransa, Msumbiji Kireno. Chagua moja uishike kweli kweli. Na Kiswahili chako kiwe safi, maana tangu 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika.

Tatu, soma nyaraka zenyewe. Anza na Mkataba wa Vienna wa 1961 na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999. Usiishie kwenye vipande vya mtandaoni.

Nne, milango ni mingi. Bunge la Afrika Mashariki lina wabunge tisa kutoka kila nchi. Kuna sekretarieti za kikanda, kuna asasi, kuna dawati la mambo ya nje la chama chetu wenyewe.

Na ukiajiriwa serikalini, gwanda linabaki nyumbani. Utasoma msimamo wa serikali hata kama hukuipigia kura. Hiyo ndiyo kazi, na anayeona hawezi asiianze. Ila kuacha gwanda nyumbani ukienda kazini si sawa na kujifanya hukuwahi kulivaa. Mimi nilijifanya.

Juzi nilimuomba mama anitumie ile picha yetu ya Tukuyu, maana alikuwa nayo kwenye simu yake. Nimeirudisha mahali pake. Mwezi ujao naomba tena nafasi ya mafunzo, na wakiniuliza kuhusu picha nitawajibu, kisha nitawaomba waniulize kuhusu ndizi.