Tusiambiwe tena tuchague: masomo ao mchezo



Leo tunataka kuongea juu ya jimnastiki. Tunajua, wamoja wameanza kucheka. Lakini mutusikilize kidogo, juu mambo hii inatugusa. Wengi wetu tuliokaa hapa tulisikia ile neno nyumbani: chagua, masomo ao mchezo. Minervali tunalipa kwa shida, na wewe unakimbilia kiwanja! Basi, tuangalie wasichana wa Marekani walioambiwa vile vile, na namna mambo yalibadilika.

Kule, vyuo vikuu viko na timu zao za jimnastiki. Msichana mwenye kipaji anaweza kusomeshwa bure juu anashindania chuo. Ni kitu kizuri. Lakini zamani kulikuwa na sharti: ukipokea feza kwa jina lako, hata kwa tangazo moja tu, mlango wa timu ya chuo unafungwa. Simone Biles alikuwa amekubali kwenda UCLA. Mwaka wa 2015 akachagua kuwa mchezaji wa kulipwa, na ile nafasi ikapotea. Si yeye aliyedharau mchezo wa chuo. Sheria ndiyo ilimlazimisha kukata upande mmoja.

Mwaka wa 2019, video ya Katelyn Ohashi, naye wa UCLA, ilizunguka dunia yote. Watu mamilioni waliiangalia, lakini yeye mwenyewe sheria ilimkataza kupata kitu. Hakunyamaza, alisema wazi kama hiyo si haki. Mwaka ule ule jimbo la California likapitisha sheria ya kulinda wanamichezo wa vyuo. Mwishowe, tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka wa 2021, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kikakubali mwanafunzi apokee feza kwa jina na sura yake. Nyuma ya wiki chache tu, Sunisa Lee alishinda dhahabu ya mashindano ya jumla kule Tokyo, kisha akaingia chuo cha Auburn. Hakuulizwa tena: feza ao timu?

Je, shida iliisha? Hapana. Feza ilipata jibu, lakini mwili na saa bado.

Mutazame. Katika chuo, alama zinaishia 10. Anayeshinda ni mwenye kufanya kazi safi, bila kutikisika. Katika Olimpiki, tangu 2006, alama za ugumu hazina mwisho: ukiongeza hatari, unaongeza alama. Kwa hiyo msichana anabeba michezo miwili ndani ya mwili mmoja. Kuanzia mwezi wa 1 mpaka wa 4 anashindana karibu kila wiki kwa ajili ya chuo, magoti na vifundo vinapokea kishindo. Sheria ya chuo inaweka mazoezi ya lazima yasipite saa 20 kwa wiki, na wa kiwango cha dunia wengi wanafanya zaidi ya hapo. Tena kuko madarasa na mitihani.

Kila mmoja alitafuta njia yake. Jade Carey, wa chuo cha Oregon State, mwaka wa 2024 alishindania chuo, kisha akaenda Paris, akarudi na dhahabu ya timu na shaba ya kuruka. Jordan Chiles aliacha msimu wa 2024 wa UCLA ili ajitayarishe. Naye akapata dhahabu ya timu, na mwaka wa 2025 akarudi kushindania chuo chake. Sunisa Lee alisimamisha msimu wake wa 2023 juu ya ugonjwa wa figo. Wengi wangesema amekwisha. Paris alikuwa pale: dhahabu moja, shaba mbili.

Sisi tunajifunza nini hapa? Kwanza, kupumzika si kushindwa. Chiles aliacha msimu mmoja, hakuacha chuo. Mtu anaweza kuweka kitu kimoja chini kwa muda, akirudi akikikuta. Lakini lazima kuwe mtu wa kumuchungia nafasi: mwalimu, kocha, mzazi. Bila ule mtu, kipaji peke yake hakitoshi.

Pili, ile "chagua" haikuanguka kutoka mbinguni. Watu waliiandika, na watu wengine waliongea mpaka ikafutwa. Ohashi alimaliza michezo ya chuo mbele mlango haujafunguliwa. Waliofaidika ni wadogo wake.

Kwa hiyo, kijana akikuja kesho na kusema anapenda masomo na anapenda mchezo, tusimuulize anaacha gani. Tumuulize: saa zako ziko namna gani, na sisi tukusaidie wapi?